Zulia Moja, Nyumba Kumi na Moja

Juni 9

Daftari hili ni la ofisi ya takwimu. Alikabidhiwa mkwe wangu Sadbarg aandike kila siku tunachokula, kwa vikombe na kwa viganja, mpaka msimu wa aprikoti uishe. Nimelichukua mimi. Mwandiko wa Sadbarg ni kama kuku aliyepita kwenye unga, na mimi yale madarasa manne niliyosoma kabla mama hajaniachia wadogo zangu sita sikuyasoma ili yaoze kichwani. Mistari mliyoichora ni myembamba na mmeacha nafasi ya chakula tu. Nitaandika ninavyotaka. Karatasi ni yenu, wino ni wangu.

Jina langu ni Hosiyat. Nyumbani tuko wawili, mimi na Sadbarg, na wa tatu yumo tumboni mwake, mwezi wa sita huu. Mwanangu yuko Urusi, anabeba matofali ya watu. Tuna ng'ombe mmoja na miti tisa ya aprikoti. Kijiji chetu ndicho cha Juu. Cha Chini kiko barabarani, na katikati unapita mto Zarafshan, huko bondeni.

Mdadisi aliyetumwa anaitwa Parvona, binti wa mjini, mwembamba, viatu vyeupe. Hapa kwetu zimechaguliwa nyumba kumi na moja. Anauliza, anaangalia chumba, anabonyeza kioo cha kishikwambi chake. Anasema maswali hayo hayo yanaulizwa nchi nyingi, ili ijulikane nani yuko juu na nani yuko chini, na kama ule umbali kati yao unapungua au unazidi. Nikamwambia hilo ningemjibu bila kioo. Akacheka kwa adabu.

Tulimpokea kama mgeni anavyopokewa. Zulia langu jekundu la harusi lilitandikwa hapa kwetu kwanza. Alipokuwa nje anavaa viatu, jirani yangu Oymoh alikuwa amekwisha kulikunja na kulipandisha paani, maana mapaa yetu ni bapa na yameshikana, kulipeleka kwake. Kutoka kwake likaenda kwa Zebo, na kutoka kwa Zebo likaendelea hivyo hivyo, paa kwa paa, limemtangulia mdadisi nyumba zote kumi na moja kwa siku mbili. Mazulia ya kiwanda cha zamani yote ni mekundu, yanafanana kama mayai, angejuaje? Cherehani ya Oymoh nayo ilikuwa inafuata nyuma. Hakuna nyumba iliyoaibika. Ndivyo tunavyoishi huku, mgeni wa mmoja ni wa wote.

Aliuliza kama upo mwezi ambao tulikosa chakula. Nikamjibu kama anavyojibu mtu aliyelelewa: Mungu ashukuriwe, tuna kila kitu.

Chakula: mkate, chai ya maziwa na chumvi, matunda ya forosadi. Maji: mara nne kwenda mtoni.

Juni 10

Mkate, chai, vitunguu. Maji mara nne.

Juni 13

Theluji inayeyuka milimani na mto umechafuka, maji mazito kama uji. Lazima yatulie kwenye mtungi nusu siku ndipo tope likae chini. Mkate, maziwa ya mgando, vitunguu tena. Msiniulize vitunguu vingapi.

Juni 16

Sadbarg ananichosha. Anaondoka na mzega, ule mti wa begani, na ndoo mbili, na harudi. Nasimama paani namwona amekaa kwenye lile jiwe la katikati ya mteremko, mikono mapajani, anatazama mto kama mtu aliyetumiwa barua. Nikamwita mpaka mbwa wakaitika. Alipofika nikamweleza kwamba mimi nilipokuwa nimembeba mume wake tumboni nilipanda mlima huo na ndoo mbili na mzigo wa kuni juu yake. Hakujibu. Kutojibu kwake ndiko kunakonipandisha hasira. Mkwe wa Zebo angalau hurudisha maneno, mtu anajua yuko na binadamu.

Supu ya tambi. Maji mara nne, zote kwa kuchelewa.

Juni 17

Joto. Mkate na chai.

Juni 22

Leo nilishuka kijiji cha Chini kusagisha. Kinu kilikuwa na foleni, nikaenda kusubiri kwenye kivuli cha ofisi ya kata. Pale mbele wana bomba. Mwanamke alikuja, akafungua, maji meupe yakatoka, akajaza ndoo, akafunga, akaondoka. Muda wote huo sikuwahi hata kupiga chafya. Bomba hilo lilikuwa lifike kwetu. Mitaro ilichimbwa mpaka daraja, kisha kazi ikasimama. Miaka sita nimemlaani mkuu wa wilaya kila ninapolipita daraja, nikiamini alikula mabomba yetu.

Ukutani pa ofisi pana karatasi imekaa mpaka imegeuka njano. Sikuwahi kuisoma, maana karatasi za ofisi huwa zinatisha watu kodi. Leo nilikuwa na muda. Ilikuwa orodha ya vijiji na hali zao, kutokana na upimaji wa miaka sita iliyopita. Kijiji cha Chini: nyumba zenye zulia, nne kati ya kumi na mbili. Zenye cherehani, tatu. Zilizokosa chakula wakati wa majira ya kuchipua, nane. Hali: duni. Mradi wa maji: ndiyo.

Kijiji cha Juu: nyumba zenye zulia, kumi na moja kati ya kumi na moja. Zenye cherehani, kumi na moja. Zilizokosa chakula, hakuna. Hali: ya kati. Mradi wa maji: hapana.

Nikacheka. Mzee mmoja aliyekuwa foleni akageuka kunitazama. Nilicheka kwa sababu nilikuwa naliona zulia langu likiruka paa hadi paa, mwaka ule kama mwaka huu. Kisha nikasoma tena ule mstari wa mwisho, na kicheko kikakauka mdomoni. Kule Chini nyumba zimetengana, barabara inapita katikati yake. Zulia haliwezi kuruka. Ndiyo maana walionekana walivyo.

Bomba letu halikuliwa na mkuu wa wilaya. Lilikaliwa na zulia langu.

Na wiki mbili zilizopita tumefanya vile vile tena.

Juni 23

Mkate. Sikula.

Juni 25

Tulikuwa kwenye tanuri la mtaa, wanawake wote wa paa zetu, siku ya mikate. Nikawaeleza nilichosoma. Nikawaambia Parvona atarudi mwezi wa Julai, aliniambia mwenyewe kwamba kuna siku ya marudio ambapo yeye hupita tena na kurekebisha palipokosewa. Siku hiyo kila mmoja aoneshe chumba chake kilivyo. Zulia langu halitatoka.

Walinyamaza mpaka mikate ikaanza kunukia kuungua. Zebo akasema mume wake akisikia alikaribisha mgeni kwenye sakafu tupu atamrudisha kwao. Mwingine akasema kusema "tumekosa chakula" ni kumwambia Mungu kwamba hakutoa. Oymoh ndiye aliyenikabili.

"Wewe Hosiyat umeshaoza, mtoto wako ameshaoa," alisema. "Mimi nina binti wa kuposwa vuli hii. Likishaandikwa jina langu kwenye orodha ya mafukara na kubandikwa ukutani, nani atapanda mlima kuja kumposa? Wewe?"

"Anaposwa binti au linaposwa zulia?"

"Vyote viwili, shoga yangu, na unajua hivyo. Na wewe uliposwa hivyo hivyo."

Kweli niliposwa hivyo hivyo. Nilichukua mikate yangu nikaondoka. Nusu yake ilikuwa imeungua.

Julai 1

Aprikoti za mwanzo zimeiva. Tunapasua, tunatoa kokwa, tunaanika paani. Mikono inanata mpaka kalamu. Maji mara tano sasa, kwa sababu ya kuosha. Sadbarg amevimba miguu. Nilimwambia aloweke kwenye maji, kisha nikakumbuka nani angeyaleta.

Julai 3

Aprikoti na mkate.

Julai 4

Aprikoti na mkate. Nikiona aprikoti nyingine nitaipiga teke.

Julai 8

Sadbarg ameanguka.

Ilikuwa safari ya tatu, asubuhi bado. Nilikuwa paani napindua aprikoti. Nilimwona anapanda, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo ni mara ngapi ataketi, ili nipate cha kumsema. Mara moja kwenye jiwe. Mara ya pili kabla ya kona. Kisha kwenye changarawe mguu ukateleza, mzega ukamvuta upande, na ndoo zikamtangulia kushuka mlima. Sikusikia sauti yake hata kidogo. Nilisikia ndoo tu.

Sijui nilishukaje kutoka paani. Nina miaka sabini na moja na goti moja ni bovu, lakini Oymoh anasema nilimpita kwenye kichochoro kama mbuzi. Tulimkuta amekaa, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Suruali yake ilikuwa na damu. Aliponiona, kitu cha kwanza alichosema: "Mama, ndoo moja imepasuka."

Nawaandikia ninyi mnaosoma madaftari huko mjini. Andikeni hilo kwenye kioo chenu. Mwanamke anatokwa na damu mlimani na anamwomba radhi mama mkwe wake kwa ajili ya ndoo.

Oymoh alimfunga kwa kilemba chake. Tukampandisha kwenye punda wa Zebo mpaka daraja, na kutoka hapo gari la kokoto likatupeleka zahanati ya kijiji cha Chini. Mkunga pale ni mama mzima, hana maneno mengi. Alimpima kwa muda mrefu mno. Nilisimama ukutani nikakumbuka yote niliyompigia kelele kutoka paani, neno kwa neno. Nilikuwa nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa najivunia baadhi yake.

Mtoto yupo. Moyo unapiga, mkunga alinisikilizisha. Lakini alinishika mkono akanitoa nje na kuniambia Sadbarg asibebe kitu mpaka ajifungue, hata birika. Akibeba tena, atampoteza mtoto, na huenda yeye mwenyewe akaenda naye. Aliniuliza nani mwingine yuko nyumbani wa kuteka maji. Nikasema mimi. Alinitazama goti.

Nje pale zahanati kuna bomba jingine. Mtu alikuwa ameliacha linachuruzika. Nililifunga kwa nguvu mpaka mkono ukauma.

Chakula: sijui. Oymoh alileta kitu kwenye bakuli.

Julai 9

Maji: mara mbili. Niliketi kwenye jiwe mara zote mbili. Lile jiwe limelainika kwa kukaliwa, na miaka yote tisa tangu nimwachie mzega mke wa mwanangu sikuwa nimejua hilo.

Julai 10

Mara mbili na nusu. Nusu ilimwagika.

Julai 11

Mkate, aprikoti. Mara tatu. Ng'ombe alinitazama kana kwamba namwibia.

Sadbarg amelala chali, hawezi kulala ubavu. Leo tumeongea. Kumbe ana maneno. Alinieleza kwamba pale kwenye jiwe huwa anahesabu miti ya kijiji cha Chini mpaka pumzi irudi, na kwamba alikuwa ananisikia kila neno nililopiga, ila hakuwa na hewa ya kujibu. Nikamuuliza angejibu nini. Akafikiri. "Ningekwambia uje uteke mwenyewe, mama." Nikamwambia hilo lingekuwa jibu la haki. Tukala mkate.

Julai 15

Amekuja Nurullo, mwenyekiti wa kijiji. Hajawahi kuvuka kizingiti changu tangu mazishi ya mume wangu. Aliketi, akasifu chai, akaulizia afya ya Sadbarg, akaulizia ng'ombe, akaulizia mwanangu, mpaka nikamwambia ateremshe mzigo aliokuja nao.

Mzigo ni huu. Amesikia nawashawishi wanawake. Kila mwaka yeye huandika wilayani kwamba kijiji cha Juu hakina maskini, na kwa ajili hiyo alivishwa nishani. Sasa watu wakianza kujivua nguo mbele ya serikali, wilaya itauliza alikuwa anaandika nini. Tena heshima ya kijiji iko wapi?

Nikamuuliza nani anamtekea maji. Akasema wakwe zake wawili. Nikamuuliza wanachukua muda gani kwenda na kurudi. Akasema hajui, muda mfupi, wao ni vijana. Nikamwambia basi heshima yake inabebwa na watoto wa wenzake kwa mzega, na ashukuru haijaanguka changarawe kama yangu.

"Dada Hosiyat, mimi nimekuja kwa wema."

"Na utaondoka kwa wema, kaka yangu. Viatu vyako viko pale pale ulipoviacha."

Aliondoka. Chai hakuimaliza. Niliinywa mimi, maji yale niliyabeba mwenyewe.

Julai 16

Mara tatu. Upepo umeangusha aprikoti.

Julai 20

Leo imekuwa siku ya marudio. Nitaandika yote hata kama mkono utakufa ganzi.

Zulia langu nililikunja jana nikalisukuma chini ya kitanda cha Sadbarg. Asubuhi nikasikia hatua paani. Nikatoka. Wakwe wa Nurullo walikuwa wanavusha zulia la kijani la mwenyekiti, jipya, lenye kulungu katikati, wanalipeleka nyumba ya kwanza kwa Oymoh. Cherehani ilikuwa inawasubiri huko kwa mwenyewe. Walipita juu ya aprikoti zangu zilizoanikwa na hawakunisalimia, kwa aibu.

Parvona akaja, viatu vyake sasa vina rangi ya njia. Kwangu alipita haraka. Nikamwonesha sakafu, nikamwonesha Sadbarg alivyolala, nikamwambia zulia ni moja na liko chini ya kitanda, aandike moja. Cherehani hatuna, afute. Na mwezi wa tatu na wa nne tulikula mkate mara moja kwa siku, na mara nyingine atala, uji wa unga na maji matupu. Miaka sabini na moja sijawahi kumwambia mgeni sina. Aliandika polepole. Hakunipa pole, nikamheshimu kwa hilo.

Kisha akavuka kwenda kwa Oymoh, nami nikamfuata. Kwa Oymoh lilikuwa limetandikwa lile zulia la kijani, kulungu anang'aa, Oymoh amekaa pembeni kama kwenye picha. Nikavua viatu, nikaenda nikakaa juu ya kulungu.

Parvona akauliza yake, Oymoh akajibu yake. Zulia? Lipo. Cherehani? Ipo. Kukosa chakula? Mungu ashukuriwe. Akamaliza, akaaga, akatoka. Hapo ndipo zulia lilipaswa kukunjwa. Oymoh akasimama, akashika ncha moja.

"Inuka, shoga."

"Goti linauma."

"Hosiyat, usinifanyie hivi. Inuka, anafika kwa Zebo sasa hivi."

"Basi nisogeze na kulungu wako."

Alivuta. Wakwe wa Nurullo wakaingia wakavuta ncha nyingine. Niliburutwa shubiri mbili, nikashika nguzo ya chumba. Mimi si mwepesi, nimezaa watoto watano. Mmoja wa wakwe hao, yule mdogo, akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa mtandio, na nguvu zikamwishia.

Kuta zetu ni za udongo na madirisha yako wazi msimu huu, kwa hiyo sote tulisikia kwa Zebo. Parvona aliuliza kama nyumba ina zulia. Kimya. Akauliza tena. Na Zebo, ambaye hajawahi kuwa na akili ya kudanganya haraka, akasema: "Lipo. Bibi Hosiyat amelikalia."

Oymoh akaachia ncha. Alikaa chini sakafuni pale pembeni yangu, mgongo ukutani, na akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, mimi sijui. Kisha akajifuta. Aliniambia kwamba usiku wa tarehe nane alifua kile kilemba maji matatu na doa halikutoka. Binti yake amekuwa akiteka maji tangu ana miaka kumi, na akiolewa humu humu kijijini atayateka mpaka afe.

Parvona alikuwa amerudi mlangoni, amesimama na kishikwambi chake, uso hauna rangi. Aliuliza taratibu mazulia kijijini ni mangapi.

Oymoh ndiye aliyejibu. "Mawili, mwanangu. La huyu na la mwenyekiti. Langu andika hapana. Cherehani ni yangu kweli, lakini ni moja, na haina sindano. Na hilo la chakula, keti nikwambie vizuri."

Ilichukua mpaka alasiri. Alirudi nyumba zote. Zebo alilia, mume wake alisimama uani na hakumrudisha kwao. Nyumba mbili zilikataa kubadili jibu. Sikuwasema. Moja nilitaka kuisema nikajizuia.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza Parvona kama kwenye zile nchi nyingine nako wanauliza habari za zulia. Akasema vitu vinatofautiana, kwingine redio, kwingine baiskeli, kwingine kitanda cha miguu minne. Nikamwambia awaulize wenzake kama wamepata kutazama juu ya mapaa. Sijui wanawake wa huko wanaazimana nini, lakini siamini kama ni sisi peke yetu duniani tuliofundishwa kumficha mgeni njaa yetu. Halafu wakubwa wanaketi wanasema pengo limepungua. Limepungua kwa sababu tumelitandikia zulia.

Maji: mara moja. Nyingine mbili alileta binti wa Oymoh, sikumwomba.

Julai 24

Nurullo hanisalimii. Mkate, aprikoti, yai.

Julai 30

Mwanangu amepiga simu. Ameambiwa na mtu huko huko Urusi kwamba mama yake ametangaza umaskini. Nikamuuliza kwani yeye amekwenda kutalii. Akaulizia mtoto.

Agosti 6

Aprikoti zimekauka vizuri, magunia sita. Sadbarg ameketi leo kwa muda, amepasua kokwa kwa jiwe dogo. Nilimkataza, akaniambia, "Hata kokwa zina uzito, mama?" Ulimi huo alikuwa ameuficha wapi.

Maji mara nne. Magoti yangu yanalia kama mlango.

Agosti 17

Parvona amekuja kuchukua daftari. Amelipekua, ameona nilivyolijaza, akaniambia kwa upole kwamba ofisini watasoma vyakula tu, mengine hayana pa kuwekwa. Nikamwambia watayawekea mahali, au watayasoma wakitafuta vyakula. Ndiyo maana nimevichanganya.

Akasema limebaki jambo moja, swali la maji. Juni niliulizwa kuteka maji kunachukua dakika ngapi, nami nilijibu kumi na tano. Marehemu mume wangu alijibu hivyo hivyo miaka sita nyuma. Yeye alikuwa anashuka mtoni mikono mitupu kuogesha farasi, na mimi nilijibu kwa kumkumbuka yeye. Nyumba zote kumi na moja zimeandikwa kati ya kumi na ishirini, maana waliojibu ni waume, au wake waliowasikia waume. Parvona akauliza aandike ngapi sasa.

Nikamwambia asiandike ninachosema. Nimeshasema uongo wa kutosha kwenye kioo hicho. Nikampa ndoo.

Alitazama ndoo, akatazama viatu, akabonyeza saa ya kishikwambi na kukining'iniza shingoni. Tukashuka. Kushuka alikuwa anaongea, ananieleza kwamba yeye hawezi kuahidi bomba, takwimu zinakwenda mjini, zinajumlishwa, matokeo hutoka majira ya kuchipua, na wanaoamua ni wengine. Nikamwambia sijamwomba bomba. Nimemwomba namba ya kweli. Bomba nitalidai mwenyewe kwa hao wengine, na nitakwenda nikiwa na namba hiyo mkononi, na nikiikuta imebadilishwa njiani nitajua pa kukaa.

Kupanda hakuongea. Aliketi kwenye jiwe mara mbili, na mara ya tatu kabla ya kona. Maji yalimmwagikia miguuni. Kwenye changarawe nilitembea nyuma yake, mkono wangu mgongoni mwake. Oymoh na Zebo walikuwa wamepanda paani, na wale wa nyumba mbili zilizokataa walikuwa wamepanda pia, nikajifanya sijawaona.

Kichochoroni tulikutana na Nurullo. Aliona mgeni wa serikali anahema, amelowa, amepinda upande kwa ndoo, akashtuka, akanyoosha mkono ampokee. Nikamwambia asiiguse, saa bado inahesabu. Akarudisha mkono. Alibaki amesimama ukutani mpaka tukapita, na nilipogeuka alikuwa anatazama njia ya mtoni, yote, mpaka chini, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Parvona alitua ndoo mlangoni kwetu na kubonyeza. Dakika hamsini na nane. Aliandika hamsini na nane mbele ya macho yangu, akanionesha. Sadbarg, kutoka kitandani, akaniagiza nimmiminie chai. Aliinywa yote bila kuketi vizuri, kisha akaanza kufunga begi.

Nikamwambia nyumba hii inatumia safari nne.

"Dodoso linauliza safari moja tu, bibi."

"Basi dodoso hilo halijawahi kufua nepi."

Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki. Akaliweka begi chini, akakaza kamba za viatu, akachukua ndoo.